Usiku wa bluu kwenye filamu: nani aliamua, na una kazi gani?

#1 Kibatari Kimya
Wakuu, habari za jioni. Wenye kamera na sisi tunaotazama tu, tusaidiane hili.

Kwenye filamu na tamthilia karibu zote, jua likishazama dunia inageuka bluu. Ukuta wa udongo bluu, migomba bluu, uso wa mtu bluu kama kachovywa kwenye wino. Sasa toka nje usiku wa mwezi mpevu mahali pasipo na umeme, uangalie. Mchanga mweupe, majani ya kijivu, kivuli cheusi. Bluu haipo. Ukipima ndiyo kabisa: jua la mchana tunalihesabia Kelvini 5,600 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo inaelekea chungwa, kubwa inaelekea bluu), wakati mwezi mpevu unasoma kama 4,100, yaani una wekundu kuliko jua. Kama ni ukweli, mwezi tungeupaka rangi ya samli.

Hoja yangu: bluu ni mazoea yaliyogeuka uvivu. Mtu anabandika jeli ya bluu, ile plastiki nyembamba ya rangi, kwenye taa, anaona kazi ya usiku imekwisha. Anayepinga aje na sababu.

#2 Baba Ntilie
Nimeshachukua benchi. Endeleeni.

#3 Fundi Jeli
Sio uvivu, ni vifaa. Mikanda ya filamu ya kupigia ndani na usiku ilitengenezwa kwa taa za waya, Kelvini 3,200. Ukiutoa mkanda huo nje mchana lazima uivalishe lenzi filta ya chungwa, ile namba 85, la sivyo kila kitu kinatoka bluu. Watu wakaona hapo hapo ujanja: vua filta, bana lenzi stopu mbili (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu), mchana umekuwa usiku. Halafu kuanzia miaka ya 1970 HMI zikaenea, taa zenye nguvu kubwa zinazotoa 5,600. Ukitaka kuangaza uwanja mzima kutoka juu ya kreni, hiyo ndiyo inayofika. Mkanda wa 3,200, taa ya 5,600, jibu ni bluu. Hakuna mtu aliyeamua, balbu ndiyo iliyoamua.

#4 Bi Sinema
Fundi Jeli, unaanzia katikati ya hadithi. Usiku wa bluu ulikuwepo kabla hata mkanda wa rangi haujazaliwa. Enzi za sinema zisizo na sauti, mikanda ilikuwa mizito kupokea mwanga, kupiga usiku wa kweli ilikuwa taabu tupu. Walipiga saa sita mchana, kisha kipande kile cha mkanda kikachovywa kwenye rangi: bluu kwa usiku, rangi ya asali kwa chumba chenye taa, nyekundu kwa moto. Mtazamaji aliona watu wana vivuli vya jua kali, lakini kwa kuwa pazia lote ni bluu, akaelewa ni usiku. Ilikuwa alama tu, sawa na pembe ya baragumu kutangaza mgeni.

Na hata hao hawakuanza wenyewe. Majukwaa ya maigizo ya Ulaya yalishakuwa yanaweka vioo na vitambaa vya rangi mbele ya taa za gesi. Kwa hiyo HMI ya miaka ya 1970 imekuta bluu imeshapanga nyumba na imeshalipa kodi.

#5 Mboni
Wote mmeruka jicho lenyewe. Mwaka 1819 mwanasayansi Mcheki Purkyně aliona kwamba giza likiingia, maua mekundu yanazima kwanza huku ya bluu na kijani yakibaki yanaonekana. Sababu ni kwamba mchana tunatumia seli za jicho ambazo kilele chake ni nanomita 555 (urefu wa wimbi la mwanga), kwenye kijani cha njano. Usiku tunahamia seli nyingine ambazo kilele chake ni 507, kwenye kijani cha bluu. Jaribuni na kanga mbili magharibi, nyekundu na kijani. Nyekundu inakuwa nyeusi mapema.

Kwa hiyo bluu ya filamu ina msingi mwilini.

#6 Rangi Tatu
Mboni, nusu ya hoja yako ni sahihi na nusu imeteleza. Seli za usiku hazitofautishi rangi. Kuvutwa zaidi na mwanga wa bluu-kijani maana yake ni kwamba vitu vya rangi hiyo vinaonekana *vyeupe zaidi*, si kwamba vinaonekana *vya bluu*. Ukimfuata Purkyně kwa uaminifu, usiku unakuwa hauna rangi na nyekundu imekufa. Bluu haijaingia mlangoni bado.

Kwenye kugredi, yaani kurekebisha rangi baada ya kupiga, tunaweza kufanya hivyo: shusha rangi zote hadi karibu nusu, nyekundu uifanye nyeusi, kwenye vivuli weka bluu kidogo sana. Nyumba na miti inatoka vizuri ajabu. Shida inaanza uso ukiingia kwenye fremu. Ngozi yetu inarudisha zaidi nyekundu kuliko bluu. Ukiua nyekundu, umeua uso. Anabaki mtu wa majivu.

#7 Kibatari Kimya
Hapo #6 umegusa ninapolalamikia. Yale majivu yanatoka wapi hasa? Maana kamera siku hizi ni nzuri.

#8 Fundi Jeli
Majivu yana mlolongo wake. Mtu ana paneli ya LED, anaiweka juu ya kamera au pembeni yake, anaipandisha hadi 5,600 au anaivalisha bluu, anamwelekezea mwigizaji usoni. Ngozi ya kahawia inapokea bluu tupu, inarudisha kidogo. Kwenye kioo cha kamera uso ni mweusi. Anapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Ukuta wa nyuma, ambao ni mweupe, unawaka kuliko mtu. Anaushusha ukuta kwenye gredi, uso unaanguka nao. Anaunyanyua uso peke yake, chenga zinajaa, na bluu iliyonyanyuliwa bila nyekundu chini yake ndiyo hayo majivu.

Dawa ni kuacha kuimulika ngozi na kuanza kuifanya iakisi. Ngozi nyeusi ni hodari wa kuakisi. Chukua shuka jeupe la mita mbili kwa mbili, lisimamishe ubavuni na nyuma kidogo ya mwigizaji, upande wa pili wa kamera, kisha taa ilenge shuka, isimlenge mtu. Kinachoonekana shavuni ni taswira ya shuka lenyewe, mstari mpana laini unaofuata mfupa wa shavu, pua na taya. Uso umesomeka na bado ni usiku. Shuka likiwa dogo au likiwa mbali, mstari unakuwa mwembamba na mkali kama jasho.

Poda acheni. Poda inaua mng'ao, na mng'ao ndio mwanga wenyewe. Mafuta kidogo ya kujipaka, paji la uso ufute, mashavu uache.

#9 Otis wa Ngara
Namuunga mkono #8, na naongeza namba kwa wanaotumia kamera za Sony. Kwenye S-Log3, mpangilio wa kurekodi unaoacha nafasi ya kugredi, kijivu cha kati (mwanga wa wastani) kinakaa asilimia 41. Ule mstari wa shavuni uache uguse hapo hapo. Upande wa uso ulio gizani uwe kama stopu mbili chini, karibu asilimia 25. Ukishuka chini ya 20 usitegemee kuunyanyua baadaye. Msipime mwanga unaomwangukia mtu, pimeni unaorudi kutoka kwenye ngozi yake, maana watu wawili chini ya taa moja wanaweza kupishana stopu nzima na zaidi.

Na ISO: kamera kama FX3 ina misingi miwili kwenye S-Log3, 800 na 12,800. Wengi wanaogopa 12,800 wanabaki 6,400. Picha ya 6,400 ina chenga kuliko ya 12,800, kwa sababu bado unatumia msingi wa chini uliovutwa stopu tatu.

#10 Mtoto wa Forodhani
Mnazungumza kama bluu kwenye ngozi nyeusi ni ugonjwa. Tamthilia ya Tarell Alvin McCraney iliyozaa filamu ya Moonlight (2016) jina lake ni *In Moonlight Black Boys Look Blue*. Bluu humo ni sifa, ni uzuri wa mtu ambaye mchana hapewi nafasi. James Laxton aliyeipiga aliacha ngozi zing'ae na vivuli viwe vizito, hakujaza mwanga kila pembe. Kwa hiyo bluu ile ile ambayo kwa mmoja ni majivu, kwa mwingine ni mapenzi. Suala ni kama kuna kitu kingine cha rangi tofauti ndani ya fremu cha kuipa bluu maana.

#11 Bi Sinema
#10 hapo ndipo penyewe. Bluu peke yake haisemi kitu baada ya sekunde kumi, jicho linaizoea na kuifanya nyeupe. Inasema ikiwa jirani na moto.

Chukua kibatari. Mwali wake ni kama Kelvini 1,900. Kamera ukiipanga ione 3,200 kuwa nyeupe, na taa yako ya mwezi ukaiweka 4,300, mwali unatoka chungwa na mwezi unatoka bluu hafifu. Tofauti ipo lakini wanaishi nyumba moja. Mwezi ukiupeleka 5,600 huku kamera ikibaki 3,200, tofauti inakuwa kali: ndani ni kwa watu, nje ni kwa wachawi. Sasa mwigizaji akisimama mlangoni, nusu uso chungwa na nusu bluu, hujaandika mstari wowote wa mazungumzo lakini mtazamaji ameshajua anataka kuondoka.

Na ukigeuza je? Ndani bluu, nje chungwa. Nyumba yenye televisheni inayowaka na mama amekaa kimya, nje majirani wanaota moto. Nyumba imekuwa kaburi. Rangi ni zile zile mbili.

#12 Chenga
Kwa wanaotumia taa za 3,200: jeli kamili ya bluu inakupeleka karibu 5,600 lakini inakula kama stopu moja na nusu ya mwanga. Nusu jeli inakupeleka 4,300, robo inakupeleka 3,600. Kwa mwezi unaoaminika nusu inatosha, na mwanga haupotei sana. Jeli kamili ndiyo hiyo ya tamthilia anayoilalamikia mleta uzi.

#13 Baba Ntilie
Mimi nataka kupiga kwa kibatari chenyewe, bila taa. Si yule Mmarekani alipiga filamu nzima kwa mishumaa na lenzi ya 0.95?

#14 Bi Sinema
Baba Ntilie, ni Barry Lyndon ya Stanley Kubrick, 1975, mpiga picha John Alcott. Lenzi ilikuwa Zeiss ya milimita 50 yenye f/0.7 (namba ikiwa ndogo, mwanga unaopita ni mwingi), iliyotengenezwa awali kwa ajili ya NASA. Na si filamu nzima, ni matukio ya ndani usiku, tena mishumaa ilikuwa mingi na yenye tambi tatu kila mmoja. Mkanda wa ASA 100 (ndiyo ISO ya leo) ukasukumwa hadi 200.

Angalia bei waliyolipa. Kwa f/0.7 eneo lililo kwenye fokasi ni jembamba mno. Mwigizaji akiegemea mbele kidogo, pua ipo na macho hayapo. Kwa hiyo ikabidi wakae karibu bila kusogea. Na utulivu ule ukafaa hadithi, maana ni watu wa tabaka la juu waliogandishwa na adabu zao. Hapo lenzi imeongoza uigizaji. Jambo kama hilo ukilipeleka kwenye ugomvi wa ndugu wanaorushiana viti, utapata ukungu.

#15 Fundi Jeli
Kibatari kikiwa kwenye fremu, mwali utaungua mweupe na mtu aliye mita moja nyuma yake atakuwa giza. Ficha balbu ndogo ya LED ya 2,000 hadi 2,200 nyuma ya chombo, upande usioonwa na kamera, imwangazie mwigizaji. Mwali uwe wa kuonekana, balbu iwe ya kufanya kazi. Na angalieni balbu za bei rahisi: umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo fremu 25 kwa sekunde, na shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) 1/50. Ukishikilia fremu 24, weka shata nyuzi 172.8, hiyo nayo ni 1/50. Balbu ikiwa na dima mbovu, mistari itapita hata hivyo. Izime, hakuna gredi ya kuiondoa.

#16 Mkosa Tripodi
Mnajisumbua. Pigeni mchana, mfanye giza kwenye kompyuta. Mad Max: Fury Road usiku wake wote ulipigwa mchana kwa kubana lenzi picha iwe nyeusi.

#17 Rangi Tatu
Kinyume chake, mkuu. Ule usiku John Seale aliupiga Namibia mchana kwa *kuzidisha* mwanga stopu mbili, ndipo ukashushwa na kutiwa bluu kwenye gredi. Sababu ni chenga: kivuli kilichojazwa mwanga kinashuka kikiwa safi, kilichobanwa kikinyanyuliwa kinakuja na takataka zake. Njia ya kubana anayoitaja #3 ni ya mkanda. Kwenye dijitali zidisha, ila hakikisha hakuna sehemu inayoungua, hasa mashuka meupe, mabati na anga.

#18 Otis wa Ngara
Anga ndiyo inayoua kazi hiyo. Kwenye usiku wa filamu mtazamaji anatarajia anga nyeusi kuliko ardhi, mchana ni kinyume.

Kwetu kuna tatizo lingine, jua la saa sita linakaa utosini. Kivuli kinadondoka machoni na chini ya pua, hakuna mwezi unaofanya hivyo kwa uso wa mtu na ukaonekana mzuri. Pigeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, jua likiwa nyuma ya mwigizaji. Anga ikigoma, filta ya polaraiza inaifanya nyeusi.

#19 Chenga
#18 hizo shauri mbili zinagombana. Polaraiza inakoleza anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Ukiliweka jua nyuma ya mwigizaji, kamera inatazama upande wa jua, na huko polaraiza haifanyi lolote la maana. Panda juu, inamisha kamera, anga itoke nje ya fremu. Au jaza ukuta na miti.

#20 Otis wa Ngara
Jua likiwa nyuma na ubavuni, filta inasaidia kidogo. Lakini kuinamisha kamera sawa, ni bure.

#21 Mtoto wa Forodhani
Wengine husubiri ile nusu saa ya magharibi, anga ya bluu yenyewe, taa za nyumba zimewashwa. Nzuri kuliko yote. Tatizo ni kuwa vitabu vya Ulaya vinaizungumzia kama mtu ana jioni nzima. Huku karibu na ikweta jua linazama wima, tangu lizame hadi giza ni dakika ishirini na kitu. Ndani ya hizo, zinazolingana kwa rangi ni kama kumi. Panga shoti mbili, zilizofanyiwa mazoezi tangu saa kumi na moja. Ya tatu itakuwa na anga nyeusi na haitaungana na za kwanza.

#22 Mboni
Narudi kwa mleta uzi na swali lake la nani aliamua. Kuna watu wamekulia mjini, usiku wao ni wa chungwa. Zile taa za barabarani za sodiamu. Mwongozaji Michael Mann alipotumia kamera za dijitali kwa sehemu kubwa ya filamu ya Collateral mwaka 2004, ni kwa sababu zilikuwa zinaona mwanga wa jiji la Los Angeles ukirudi kutoka mawinguni, kitu ambacho mkanda haukukishika vizuri. Usiku ule una uchafu wa chungwa na kijani, na upweke wake ni tofauti na upweke wa bluu. Sasa mitaa mingi inabadilishiwa LED nyeupe. Kijana wa leo akiambiwa usiku, picha yake ni nyeupe kama ya hospitali. Miaka ishirini ijayo bluu itahitaji maelezo.

#23 Fundi Jeli
Tahadhari kwa anayetaka kupiga chini ya sodiamu ya shinikizo dogo, zile za njano tupu. Mwanga wake wote uko karibu nanomita 589. Kanga ya kijani, damu na uso vyote vinakuwa njano moja kwa viwango tofauti. Hakuna mpangilio wa kamera wa kurudisha rangi ambayo haikuwepo. Za shinikizo kubwa zina nafuu, kama Kelvini 2,000 na kitu.

#24 Rangi Tatu
Kuna sababu ambayo hakuna aliyeitaja, nayo iko upande wa mtazamaji. Kwenye hesabu ya video ya HD, weupe wa picha unajengwa na kijani kwa asilimia kama 72, nyekundu 21, na bluu 7 tu. Ukipaka usiku bluu safi, umechagua rangi inayochangia mwanga kidogo kuliko zote. Kwenye monita ya gredi chumbani giza inapendeza. Ikipandishwa YouTube, mgandamizo unaona eneo kubwa lisilo na tofauti ya mwanga, unalikata vipande, ukuta unajaa matofali. Kisha mtu anaitazama kwenye simu ndani ya daladala saa nane mchana, au kwenye kibanda umiza chenye mlango wazi. Haoni kitu. Anasikia sauti tu.

Ndiyo maana usiku mwingi wa sasa umehamia bluu-kijani. Si falsafa, ukiongeza kijani kidogo ndani ya bluu unapata mwanga wa kusomeka bila kuonekana mchana. Zidisha, watu wanaonekana wagonjwa wa nyongo.

#25 Bi Sinema
Au wamehamia huko kwa sababu rangi ya ngozi iko upande wa pili wa duara la rangi kutoka bluu-kijani, kwa hiyo uso unaruka mbele ya ukuta. Hesabu yako ya asilimia 7 ni kweli, lakini mtindo huo upo hata kwenye filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya jumba la sinema, ambako hakuna YouTube wala daladala.

#26 Rangi Tatu
Za jumba nazo zinaishia kwenye simu, na mwenye kulipia anajua.

#27 Kibatari Kimya
Mpaka sasa nina wachovya mikanda, jicho, HMI, mtaa na YouTube. Kila mmoja ana ushahidi na wote wanapishana. Bado nasema mtu akizima bluu kabisa, akatumia mwanga mweupe hafifu wa nyuma na vivuli vyeusi, usiku unakuja. Filamu za nyeusi na nyeupe zilifanya hivyo bila bluu na watu waliogopa.

#28 Fundi Jeli
Inakuja, kwa masharti. Taa moja kubwa juu na nyuma, stopu moja chini ya kijivu cha kati. Mbele usijaze zaidi ya stopu tatu chini. Ardhi uimwagie maji, maana lami au udongo mkavu unakula mwanga, ukilowa unaakisi taa ya nyuma na unapata njia inayong'aa. Theluthi moja ya fremu iwe nyeusi kabisa, ila iwe na kitu kimoja kinachong'aa, dirisha au kibatari, jicho lipate cha kulinganisha. Bila hicho kitu inaonekana umekosea mwanga tu.

#29 Mkosa Tripodi
Na moshi? Mashine ya moshi hatuna.

#30 Chenga
Makumbi ya nazi kwenye ndoo ya bati, yakiwa na unyevu kidogo, upande upepo unakotoka, mita kumi na tano kutoka kwa mwigizaji. Moshi uwe kati yake na taa ya nyuma ndipo uonekane. Ukiwa mbele ya kamera bila mwanga wa nyuma unakuwa ukungu wa kijivu unaokula vivuli vyote. Upepo ukigeuka simamisheni, shoti haitaungana. Na mtu wa pumu asikae karibu.

#31 Baba Ntilie
Faida nyingine mbu wanakimbia.

#32 Mkosa Tripodi
Jenereta je? Ile ya kilowati 2 inanguruma mpaka kwenye mazungumzo.

#33 Fundi Jeli
Ipeleke nyuma ya nyumba, mita 50, iangalie kwingine. Waya usiwe wa milimita 1.5, tumia 2.5. Kwa ampea 8 utapoteza kama volti 6, LED haitajali. Waya uufungue wote kutoka kwenye roli, ukiuacha umeviringika unapata joto hadi plastiki inalainika. Maswali mengine ya umeme, fungueni uzi mwingine, huu ni wa mwezi.